MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE
Kiongozi na Kikundi Chake



Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mtu anayewamba ngoma hukaa upande mmoja. Huishika ngozi mbichi akaivuta. Ngozi huja kwake, kwa sababu ndiko mikono yake iliko. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Lakini ngozi ikivutwa upande mmoja tu, ngoma haitalia vizuri. Ndiyo maana fundi mwenye akili huizunguka ngoma yake, au humwita mwenzake ashike upande wa pili.

Katika somo la leo tutazungumza juu ya viongozi wetu: wabunge, madiwani, wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji. Mara nyingi kiongozi hutetea jambo ambalo yeye mwenyewe yumo ndani yake. Diwani ni mwanachama wa chama cha ushirika, naye anakitetea chama hicho kwenye baraza la madiwani. Mbunge ni mfugaji, naye anatetea wafugaji bungeni. Mwenyekiti wa kijiji ni mwanachama wa kikundi cha bustani, naye anataka kikundi kipewe maji.

Je, jambo hili ni baya? Ni zuri? Tutajuaje?

Wako wanaosema, "Viongozi wote wanajitafutia." Wako wengine wanaosema, "Mwacheni, kiongozi ni mtu wetu." Sisi tunasema majibu yote mawili ni ya haraka mno. Kuwamo si kosa. Kosa ni kuficha kwamba umo, na kuwa mwombaji na mwamuzi kwa wakati mmoja. Tulieleze jambo hili polepole.

MANENO TUNAYOYAHITAJI

Maslahi ni faida au manufaa ambayo mtu anayapata katika jambo fulani. Faida hiyo yaweza kuwa fedha, shamba, kazi kwa mtoto wake, maji karibu na nyumba yake, au hata sifa ya kikundi chake.

Maslahi ya umma ni faida ya watu wote.

Mgongano wa maslahi ni hali inayompata mtu mwenye kazi ya umma, pale ambapo yeye, au jamaa yake, au kikundi chake, ana faida katika jambo analotakiwa kuliamua kwa niaba ya wote. Watu husema, "Amevaa kofia mbili." Kofia moja ni ya wote. Kofia ya pili ni ya kwake.

Tukumbuke vizuri: mgongano wa maslahi si wizi. Ni hali tu. Mtu anaweza kujikuta ndani yake bila kufanya kosa lo lote. Ni kama mtu aliyefika njia panda. Kufika njia panda si kosa. Swali ni atashika njia gani.

MFANO WA KISIMA

Tuchukue mfano. Kijiji hiki hakimo katika ramani, lakini wasomaji wengi watakitambua.

Kijiji kina vitongoji vitatu. Zimepatikana fedha za kuchimba kisima kimoja kirefu. Kisima kimoja tu. Kitongoji cha kwanza kina shule. Cha pili kina mifugo mingi. Cha tatu kiko bondeni, na huko wako watu 12 wenye kikundi cha bustani za mboga. Mwenyekiti wa kijiji ni mmoja wa watu hao 12.

Halmashauri ya kijiji inakutana. Mwenyekiti anasema, "Ndugu wajumbe, mimi naona kisima kiende bondeni. Mboga zitaleta fedha. Na wataalamu wamesema maji ya bondeni yako karibu." Wajumbe wanakubali.

Baadaye unafika Mkutano Mkuu wa kijiji. Mama mmoja anasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mama. Sema."

"Mimi nina swali dogo tu. Hicho kikundi cha bustani, wanachama wake ni akina nani?"

Kimya. Mwenyekiti anakohoa. Anasema, "Mama, tusilete majungu. Hapa tunazungumza maendeleo."

Basi kisima kinachimbwa bondeni. Maji yanapatikana. Lakini siku ya kuchimba mtaro wa bomba, watu wa vitongoji viwili hawatokei. Mwaka unaofuata kijiji kinataka kujenga nyumba ya mwalimu. Mchango haukusanyiki. Kila mtu anasema, "Wakajenge wale wa bustani." Kijiji kimepata maji, kimekosa kuaminiana. Na kuaminiana hakuna fundi anayekuja kukuchimba.

Sasa tuusimulie mfano huo huo kwa njia nyingine.

Halmashauri inakutana. Kabla ya hoja kuanza, mwenyekiti anasema, "Ndugu wajumbe, kabla hatujaendelea, nawajulisha kwamba mimi ni mwanachama wa kikundi cha bustani. Kisima kikienda bondeni, mimi nitafaidika. Kwa hiyo naomba mjumbe mwingine ashike kiti. Nikiulizwa juu ya bonde nitajibu, kisha nitatoka nje ninyi muamue. Na ninaomba maneno haya yaandikwe katika muhtasari."

Wajumbe wanajadili. Wanasikiliza maneno ya wataalamu. Wanapeleka mapendekezo kwa Mkutano Mkuu. Wananchi wanakubali kisima kichimbwe bondeni, kwa sharti kwamba bomba la kwanza liende shuleni, na la pili liende kwenye birika la kunyweshea mifugo.

Mnaona, ndugu wasomaji? Mahali pa kisima ni pale pale. Hata hivyo kijiji si kile kile. Katika hadithi ya kwanza, hata kama mwenyekiti alisema kweli juu ya maji ya bondeni, hakuna aliyemwamini. Katika hadithi ya pili, ukweli wake ulisikika, na wale ambao hawamo katika kikundi nao walipata nafasi ya kudai chao.

KUWA MWANACHAMA SI KOSA

Wako watakaosema, "Basi, dawa ni rahisi. Kiongozi asiwe mwanachama wa kitu cho chote." Hapana. Mtu asiye mkulima, asiye mfugaji, asiye mfanyakazi, asiye na ushirika wala kikundi, atajuaje shida zetu? Kiongozi wa namna hiyo tungemtoa wapi? Labda mwezini!

Tuangalie historia yetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliungana katika vyama vya ushirika ili wasipunjwe kwenye mizani. Vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 na kuwa chama kikuu kimoja, kilichoitwa kwa ufupi VFCU. Aliyewaongoza alikuwa Paul Bomani. Baadaye Bomani akawa waziri katika serikali ya nchi yetu, na moja ya wizara alizoshika ni ya Fedha. Huko Bukoba, George Kahama alikuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mwaka 1959, kabla ya Uhuru, akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza Waafrika. Wizara yake ilihusu ushirika na maendeleo ya jamii.

Watu hawa waliingia serikalini wakiujua ushirika kwa ndani. Walijua mizani ya pamba na gunia la kahawa. Ujuzi huo ulikuwa faida kwa nchi. Mtu akiwa ndani ya jambo hulijua jambo.

Lakini kulijua jambo na kuliamua peke yako ni mambo mawili mbalimbali. Ngedere anaujua msitu kuliko sisi sote, lakini tusimpe kesi ya nyani aiamue.

AZIMIO LA ARUSHA LILISEMAJE?

Mwaka 1967 chama cha TANU kilitoa Azimio la Arusha. Ndani yake yalikuwamo masharti ya viongozi. Wazee wengi wanayakumbuka.

Sharti la kwanza lilimtaka kila kiongozi wa TANU na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi. Tusimame hapo kidogo. Azimio halikusema kiongozi asiwe na kundi. Lilimtaka awe na kundi! Lilitaka awe mmoja wa wale walio wengi, wanaoishi kwa jasho lao.

Kisha Azimio likakataza mambo mengine. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yo yote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba za kupangisha. Na ili watu wasifanye ujanja wa kuandikisha mali kwa jina la mwenza, Azimio lilieleza kwamba neno kiongozi lina maana ya mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe.

Hapa kuna somo kubwa. Mkulima akitetea bei ya pamba, wakulima wote wanafaidika pamoja naye. Mwenye nyumba za kupangisha akipitisha sheria ya kodi za nyumba, anafaidika yeye na wenye nyumba wachache, na wapangaji wengi wanalipa. Wote wawili wanavutia kwao. Tofauti ni ukubwa wa hicho "kwao".

Masharti hayo hayakudumu yote. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza. Viongozi wakaruhusiwa kuwa na hisa, nyumba za kupangisha, na pato zaidi ya moja. Mwaka 1992 vyama vingi vya siasa viliruhusiwa. Kisha mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo ni Sheria Na. 13 ya mwaka huo.

Sheria hii ilishika njia nyingine. Azimio lilisema, "Usiwe nacho." Sheria ya 1995 inasema, "Sema unacho." Kiongozi wa umma anatakiwa atoe tamko la maandishi la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili. Hufanya hivyo ndani ya siku 30 baada ya kushika kazi, kila mwisho wa mwaka, na anapoacha kazi. Wabunge wamo. Madiwani nao wamo. Sheria inataka pia kiongozi apange mambo yake binafsi yasigongane na kazi yake. Na yakigongana, maslahi ya umma ndiyo yatangulie.

Kwa hiyo leo hatuwezi kumwambia kiongozi asiwe na shamba kubwa, au duka, au hisa. Tunaweza kumwambia aseme, na akae pembeni inapotakiwa.

MASWALI MANNE YA KUPIMIA

Kiongozi anapotetea jambo, tumpime kwa maswali manne.

Swali la kwanza: Amesema wazi kwamba yumo?

Mnaosikiliza Bunge redioni mmewahi kusikia mbunge akianza kwa kutangaza maslahi. Husema kwamba yeye ni mfugaji, au ana shamba la korosho, au anafanya biashara ya mafuta. Kisha ndipo anachangia. Wengine hucheka wakidhani anajisifu. Hajisifu. Kanuni za Bunge zinamtaka mbunge mwenye maslahi ya kifedha katika jambo aeleze anavyohusika kabla ya kulizungumzia. Anatupa kipimo. Ni kama muuzaji anayekuonyesha jiwe la mizani kabla ya kupima.

Swali la pili: Faida inamwangukia nani?

Diwani mwanachama wa ushirika anaomba barabara ya kwenda kwenye ghala itengenezwe. Barabara hiyo inapitisha mazao ya wanachama 400, wagonjwa wanaokwenda zahanati, na watoto wa shule. Diwani atapita, na sisi tutapita. Hilo ni jambo la wengi. Lakini ikiwa diwani huyo huyo ana lori, na anataka lori lake ndilo lipewe kazi ya kubeba kokoto za barabara, mambo yamebadilika. Barabara ni ya wote. Malipo ya lori ni yake. Tusikubali jambo la wote litumike kufunika jambo la mmoja.

Swali la tatu: Nani anaamua, na mwombaji yuko wapi wakati wa kuamua?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inamtaka diwani mwenye maslahi ya fedha katika mkataba unaojadiliwa aseme hivyo, na asishiriki katika mjadala wala katika kura. Kwa nini hata mjadala? Kwa sababu watu huona haya mbele ya mwenzao. Nani atasema, "Lori la diwani ni bovu," naye diwani amekaa hapo anamwangalia?

Swali la nne: Je, amefungwa kamba?

Hapa tutoke nje ya nchi kidogo. Huko Uingereza kulikuwa na mbunge aliyeitwa W. J. Brown. Alikuwa pia kiongozi wa kulipwa katika chama cha makarani wa serikali, na alikuwa na mkataba nacho. Mwaka 1947 viongozi wenzake hawakupendezwa na siasa zake wakataka kuumaliza mkataba huo. Jambo likafika bungeni. Bunge halikusema kwamba mbunge asiwe katika chama cha wafanyakazi. Wabunge wengi walikuwa wametoka huko huko, wengine kwenye migodi ya makaa ya mawe. Lakini Bunge likaamua kwamba haifai mbunge kuingia katika mkataba unaomnyima uhuru wa kusema na kutenda bungeni. Kazi yake ni kwa wapiga kura wake na kwa nchi nzima.

Basi na sisi tuulize. Je, kiongozi huyu anakitetea kikundi kwa sababu anaamini, au kwa sababu analipwa ili atetee? Je, anaweza kukiambia kikundi chake, "Hapana, hapa mmekosea"? Kama hawezi, amefungwa kamba, na mwenye kuishika kamba siye sisi.

FEDHA ZA UMMA NA VIKUNDI VYETU

Tuangalie mambo mawili yaliyo karibu nasi.

La kwanza ni mikopo ya halmashauri za wilaya. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Katika hizo, 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kutengeneza utaratibu mpya, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Sasa, tuseme mke wa diwani yumo katika kikundi cha kushona nguo. Je, kikundi hicho kinyimwe mkopo? Hapana. Akina mama wengine tisa wamekosa nini? Kiombe kama wengine, na kipimwe kwa kipimo kile kile. Ila diwani asiguse karatasi zake, asimpigie simu afisa, wala asikae mahali jina la kikundi hicho linapoamuliwa.

La pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha za mfuko huu ni za umma. Zikinunua mabati ya zahanati, aliyenunua ni mwananchi mlipa kodi. Tuwe macho na neno "nimewaletea". Kiongozi akichangia kanisa lake, au msikiti wake, au timu yake ya mpira, kwa fedha ya mfukoni mwake, tumshukuru. Hiyo ni sadaka yake. Lakini akigawa fedha ya umma na kupokea shukrani kama vile ni yake, hapo sadaka imekuwa kampeni. Swali la kuuliza ni fupi, nalo halina matusi: "Mheshimiwa, fedha hii imetoka mfuko gani?"

NGUVU TULIYO NAYO KIJIJINI

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya wakubwa." Si kweli. Sheria imetupa sisi wanakijiji nguvu kubwa kuliko tunavyodhani.

Mkutano Mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, hufanya kazi kwa niaba yetu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu. Sababu yake tunaijua. Wajumbe 25 nao wana watoto, shemeji na marafiki wanaotaka mashamba. Kwa hiyo sheria inairudisha ngozi ya ngoma katikati, mikono mingi iivute.

Tena, sheria hiyo hiyo imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji ili kusuluhisha ugomvi wa ardhi. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Mbunge haruhusiwi kuwa mjumbe wake. Si kwa sababu mbunge ni mtu mbaya. Ni kwa sababu wagombanao wote wawili ni wapiga kura wake.

NA SISI JE?

Tusiwanyoshee viongozi kidole peke yao. Wakati wa uchaguzi husemwa vijiweni, "Tumchague huyu, ni wa kwetu, atatuvutia." Ni wa kabila letu, au wa dini yetu, au wa kitongoji chetu, au wa ushirika wetu. Kiongozi akivutia kwetu tunapiga makofi. Akivutia kwa wengine tunalia, "Upendeleo!" Huo si ubishi wa haki. Ni ubishi wa zamu.

Siku kitongoji chako kinapopewa kisima bila kuulizwa, ndiyo siku ya kuuliza. Ukinyamaza leo kwa kuwa umenufaika, kesho ngozi itakapovutwa upande wa pili hutakuwa na la kusema.

LA KUFANYA

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unayo silaha nzuri kwa kazi hii. Si panga wala maneno makali. Ni kalamu.

1. Kabla ya mkutano, soma ajenda kwenye ubao wa matangazo. Jiulize ni nani ana faida katika kila jambo.

2. Mkutanoni, uliza kwa heshima: "Je, kuna mjumbe ye yote mwenye maslahi katika jambo hili?" Uliza kabla ya mjadala kuanza. Muulizeni kila mmoja, kwa kila jambo, ili lisiwe swali la kumchoma mtu fulani. Likiwa desturi, halitamwumiza mtu.

3. Kiongozi akitaja maslahi yake, msimzomee. Mshukuruni. Mkimzomea anayesema kweli, mwenzake atajifunza kuficha.

4. Hakikisha Afisa Mtendaji ameandika katika muhtasari: nani alitaja maslahi, nani alitoka nje, na nani aliamua. Mkutano unaofuata, muhtasari usomwe kwa sauti.

5. Mambo yakishindikana kijijini, kuna njia. Malalamiko juu ya maadili ya wabunge, madiwani na viongozi wengine wa umma hupelekwa kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kama kuna rushwa, iko TAKUKURU. Lakini andika ulichokiona, tarehe yake na mahali pake. Usiandike ulichosikia kisimani. Kumsingizia mtu ni dhuluma sawa na upendeleo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mgongano wa maslahi una tofauti gani na wizi?

2. Katika mfano wa kisima, mahali pa kuchimba palikuwa pale pale katika hadithi zote mbili. Kwa nini basi watu walikataa kazi katika hadithi ya kwanza?

3. Azimio la Arusha lilimwambia kiongozi, "Usiwe nacho." Sheria ya 1995 inamwambia, "Sema unacho." Ninyi mnaona njia ipi inatufaa zaidi? Toeni sababu.

4. Diwani wenu ni mwanachama wa ushirika, na anaomba bei nzuri ya zao lenu. Anavutia kwake? Mpimeni kwa maswali manne.

5. Chukueni muhtasari wa mkutano wa mwisho wa kijiji chenu. Usomeni pamoja. Je, kuna mahali po pote palipoandikwa kwamba mjumbe alitaja maslahi yake? Kama hakuna, ni kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo, au ni kwa sababu hakuna aliyeuliza?